Bendi Huru Ikitoboa, Nani Hasa Ametoboa?

Kuna video moja ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Shabiki aliipiga kwa simu, mkono unamtetemeka, na sauti inakwaruza kwa sababu amesimama karibu mno na spika. Bendi ni ya watu wanne. Jukwaa ni dogo kiasi kwamba mpiga besi akirudi nyuma hatua mbili anaparamia dramu. Wimbo wa mwisho unakwisha, watu wanapiga makofi, taa zinawashwa, na mwenye simu anasahau kuizima. Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda: mpiga besi anapiga magoti, anachomoa waya wa gitaa lake, anauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo. Hakuna wa kumsaidia. Akimaliza anautupia begani, anajifuta jasho kwa mkono wa shati, na kwenda kusimama nyuma ya meza kuuza fulana.

Bendi hiyo sasa imetoboa. Siitaji jina, maana nikiitaja nusu ya wasomaji watasema mbona ya kawaida, na nusu nyingine watasema wao waliijua kabla yangu. Ila siku ilipotangazwa kwamba tiketi za ziara yao zimeisha, nilimwandikia rafiki yangu neno moja tu: "Tumetoboa!" Akanijibu: "Ninyi na nani?"

Jibu lile lilinikera wiki nzima. Sisi mashabiki wa bendi ndogo tuna tabia ya kutumia wingi ambao hatujaulipia. Tumesaini, tumeshinda tuzo, tumejaza ukumbi. Wapenzi wa mpira wanatuelewa, lakini wao wana jedwali la ligi. Ukiuliza timu imepandaje daraja, unaonyeshwa pointi na mambo yanakwisha. Bendi haina jedwali. Kupanda kwake ni fundo la umiliki, madeni, bahati, watu wa pembeni wasiojulikana na kazi ya bure ya mashabiki, na juu ya fundo zima limebandikwa neno "mafanikio". Nataka kulifungua, japo kidogo, nione uzi wangu mimi umepita wapi.

Uhuru wenyewe ni upi

Wengi wakisikia "muziki wa indi" wanafikiria namna fulani ya sauti: magitaa yenye kelele, mwimbaji asiyehangaika sana kama sauti yake iko kwenye ufunguo wa wimbo, rekodi ambayo haikung'arishwa. Neno hili lilianza kama habari ya biashara. Bendi huru ni ile ambayo rekodi zake hugharamiwa na kusambazwa nje ya kampuni kubwa. Hizo kampuni kubwa zamani zilikuwa nyingi zaidi. Zimemezana hadi leo zimebaki tatu, yaani Universal, Sony na Warner.

Kila anayeandika juu ya jambo hili huanzia kwa Buzzcocks, bendi ya punk ya Manchester, nami sioni sababu ya kujifanya mjanja. Desemba 1976 walirekodi nyimbo nne kwa pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki, na Januari 1977 wakazitoa chini ya lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, yao wenyewe waliyoiita New Hormones. Walichapisha nakala 1,000. Zikaisha, wakaongeza, na mwishowe zikafika 16,000. Lakini kinachonivutia mimi hakimo kwenye hesabu hiyo. Kwenye kava waliandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi, na kama kuna sauti iliyoongezwa juu yake baadaye. Hebu fikiria kijana aliyeishika ile santuri, akasoma kwamba wimbo aliokuwa akiurukia chumbani ulipatikana kwa majaribio matatu tu, na watu wa rika lake. Kava lilikuwa limemwambia kazi inavyofanyika, na lilimwambia kwa lugha ya mtu anayesema: wewe je?

Kuchapisha santuri, hata hivyo, si kuiuza. Nakala 1,000 ambazo hazina wa kuzipeleka madukani ni maboksi yanayokusumbua chini ya kitanda. Ndiyo maana moyo wa uhuru wa muziki ulikuwa usambazaji kuliko kitu kingine chochote. Rough Trade ya London ilianza 1976 kama duka, ikaja kuwa lebo mwaka 1978, na baadaye, pamoja na maduka mengine ya Uingereza, ikajenga mtandao wa kupeleka rekodi ndogo kila mahali bila kupitia kwa wakubwa. Januari 1980 Uingereza ikaanza kuwa na chati maalumu ya rekodi huru, na kigezo cha kuingia humo kilikuwa kimoja: nani amekusambazia. Sauti haikuulizwa. Matokeo yake, mwaka 1988 Kylie Minogue, nyota wa pop wa kucheza na kuchangamka, alikaa kileleni mwa chati ya indi, kwa kuwa lebo yake ya PWL ilitumia msambazaji huru. Nazifikiria nyuso za wapenzi wa magitaa siku hiyo. Walipinga, lakini kwa kanuni ile dada alikuwa huru kuliko baadhi ya mashujaa wao waliokuwa wamekwisha kusaini na wakubwa.

Na uhuru una gharama zake. Mwaka 1991 kitengo cha usambazaji cha Rough Trade kilianguka, na lebo ndogo zilizokuwa zikikidai zikabaki zimeshika karatasi. Hakuna mzazi tajiri wa kukimbilia.

Hadithi ya CD za bure

Tuje kwenye bendi ambayo kupanda kwake ndiko kulikonifanya nipende habari za kupanda: Arctic Monkeys wa Sheffield. Walianza 2002, vijana wa shule, na shoo yao ya kwanza walipiga Juni 2003. Walikuwa wakirekodi nyimbo za majaribio, wakizichoma kwenye CD tupu na kuzigawa bure baada ya shoo. Waliopata walizirusha kwenye intaneti, wasiopata wakazipakua, na mkusanyiko ule ukaja kupata jina, Beneath the Boardwalk, ambalo bendi haikulibuni. Lilitoka kwa shabiki, kutokana na jina la ukumbi ambako CD zake ziligawiwa. Hata ukurasa wao wa MySpace, mtandao wa kijamii wa siku zile, ulifunguliwa na mashabiki.

Mei 2005 walitoa rekodi ndogo kwa lebo yao wenyewe, CD 500 na santuri 1,000 tu. Juni wakasaini na Domino, lebo huru ya London. Oktoba singo yao ya kwanza chini ya Domino iliingia moja kwa moja namba moja Uingereza. Januari 2006 albamu ikatoka na kuuza nakala 363,735 katika wiki ya kwanza. Hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza albamu yake ya kwanza kwa kasi ile nchini humo. Septemba wakatwaa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza.

Magazeti yalipenda kusema kwamba intaneti ndiyo iliyowatoa. Ni hadithi tamu, na mashabiki tunaipenda kwa sababu inatuweka jikoni. Lakini tazama kilichoachwa nje. Meneja wao, Geoff Barradale, alikuwa mwimbaji wa bendi katika miaka ya 1980. Alijua barabara ile ina mashimo wapi, na ndiye aliyegharamia siku za studio. CD unaweza kuzigawa bure, studio hailipiwi na upepo. Domino nayo ilikuwa imeanzishwa 1993, kwa hiyo ilipowasaini ilikuwa na miaka 12 ya kujua waandishi gani wapigiwe simu, redio gani, maduka gani. Mwaka mmoja kabla, bendi nyingine ya lebo hiyohiyo, Franz Ferdinand, ilikuwa imeshinda Mercury. Njia ilikuwa imeshafyekwa. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na kitu kisichohitaji maelezo: nyimbo zenyewe zilikuwa kali, na aliyekuwa akiandika mashairi alikuwa na sikio la kunasa maneno ya watu wa mtaani kwake kama yanavyosemwa.

Sasa mashabiki walifanya nini hasa? Hapa ndipo nimefikiri sana, na jibu langu ni hili: walipunguza hofu ya mwenye fedha.

Lebo inapofikiria kusaini bendi, inanunua giza. Inatoa fedha leo kwa ajili ya kitu ambacho huenda kesho hakitamgusa mtu. Sasa mchukue mwenye lebo, msimamishe nyuma ya ukumbi wa watu mia tatu, na umati mzima uwe unaimba neno kwa neno nyimbo ambazo haziuzwi popote. Kwake yeye giza limekwisha. Wale watu wamekwisha kumfanyia utafiti ambao angelazimika kuulipia, na wameufanya kwa furaha, huku wakitoa jasho. Mazungumzo ya mkataba baada ya hapo hubadilika. Bendi isiyo na mashabiki huomba. Yenye mashabiki huuliza maswali, ikiwamo lile gumu kuliko yote: masta, yaani rekodi yenyewe ya studio, itakuwa ya nani?

Kwa hiyo wingi wangu wa "tumetoboa" una chembe ya ukweli, ila chembe hiyo ina mipaka. Shabiki wa mwanzo ni mdhamini asiyesaini popote. Ameongeza nguvu ya bendi mezani, lakini mezani kwenyewe hakai.

Sitakaa sana juu ya bendi zilizofanya yote hayo zikabaki palepale. Ni nyingi mno, zina CD zilizoandikwa kwa kalamu na mashabiki waaminifu, na hakuna anayeandika makala juu yake. Ninachokumbusha tu ni kwamba tukiwatazama waliofika na kuhesabu hatua zao, tunaona ngazi. Wapo waliopanda ngazi ileile wakakuta juu hakuna mlango.

Fedha hupita wapi

Neno "kusaini" hutusisimua mashabiki kama habari ya harusi. Kwa kweli ni habari ya mkopo. Kampuni inapotoa malipo ya awali, yale si mshahara wala zawadi. Ni fedha zitakazokatwa kwenye mirabaha ya bendi, yaani mgao wake wa mauzo, hadi deni liishe, na mara nyingi gharama za studio, sehemu ya gharama za video na hata msaada wa ziara huingizwa kwenye daftari hilohilo. Bendi inaweza kusikika kila mahali huku mirabaha yake ikiwa bado haijafika sifuri.

Steve Albini, mtu wa studio wa Chicago aliyekuwa mkali kuliko wengi, aliweka hesabu hii hadharani mwaka 1993 katika makala yake The Problem with Music. Alibuni bendi iliyosaini na kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000, kisha akapanga kila dola ilikokwenda. Kampuni ilibaki na dola 710,000. Kila mwanabendi alibaki na dola 4,031 na senti 25. Bendi ile ni ya kufikirika, lakini mistari ya gharama ni ile wanayoijua wenye kazi: wakili, meneja, studio, basi la ziara, vyombo, na chakula. Albini mwenyewe aliishi kwa maneno yake. Alipoajiriwa kurekodi albamu ya tatu ya bendi ya roki ya Nirvana alikataa mrabaha, akataka alipwe ujira wa kazi mara moja, kama fundi bomba.

Nirvana hao walianza kwa albamu iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti 17, ikatolewa 1989 na lebo huru ya Sub Pop ya Seattle. Fedha hizo zilitoka mfukoni mwa Jason Everman, ambaye aliwekwa kwenye kava kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata noti moja katika rekodi ile. Namwona Everman kama mlezi wa mashabiki wote: alilipa, akaandikwa jina, muziki wakapiga wengine. Bendi ilipohamia kampuni kubwa, Sub Pop haikuachwa mikono mitupu. Ilipata sehemu ya mapato, na nembo yake ikawekwa kwenye albamu iliyofuata, ile ya Septemba 1991, ambayo Januari 1992 ilimwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu ya Marekani. Senti hizo ziliisaidia Sub Pop, iliyokuwa hoi kifedha, kuendelea kupumua. Hivyo kuondoka kwa bendi moja kukawalisha wenzao waliobaki, jambo ambalo mashabiki waliokuwa wakilia "wametusaliti" hawakulihesabu.

Kuna kitu kingine ambacho mashabiki wengi hatukijui, nacho huvunja bendi nyingi kuliko ulevi. Kila rekodi ina haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani wimbo kama ulivyoandikwa, maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studio, ambayo wenye kazi huiita masta. Aliyeandika wimbo hula katika haki ya kwanza, hata kama hakuimba. Sasa chukua watu wanne wanaolala kwenye gari moja kwa miaka sita. Mmoja ndiye mwandishi. Wimbo unapopata umaarufu, huyo anaanza kupokea hundi ambayo wenzake hawaioni. Wote wanne walibeba spika ileile kupanda ngazi zilezile. Usishangae mpiga dramu akianza kuchelewa mazoezini.

R.E.M. wa Athens, Georgia, waliliona hilo mapema. Nyimbo zao walizitia majina ya wote wanne, Berry, Buck, Mills na Stipe, bila kujali nani alileta wazo. Walipiga shoo ya kwanza Aprili 1980 kwenye kanisa la zamani, katika sherehe ya kuzaliwa ya rafiki. Singo yao ya 1981 ilitoka kwa lebo ndogo ya Hib-Tone. Wakazunguka na gari lao mwaka baada ya mwaka, albamu baada ya albamu kwa lebo ya I.R.S., wakasaini na Warner 1988, na albamu ya kwanza kufika namba moja Marekani wakaipata 1991. Ni miaka 11 tangu kanisa lile. Watu wakasema "wametokea ghafla". Mimi naamini, na hii ni imani yangu tu, kwamba wasingefika mwaka wa 11 kama hundi zingekuwa zinakwenda kwa mtu mmoja.

Kuhusu masta, hakuna kisa kizuri kama cha Factory, lebo ya Manchester ya Joy Division na New Order. Mkataba wao ulikuwa karatasi fupi iliyosema, kwa maana, kwamba wanamuziki wanamiliki kila kitu na kampuni haimiliki chochote. Wafanyabiashara makini waliucheka. Mwaka 1992 Factory ikafilisika, na kampuni ya London Records iliyokuwa imejiandaa kuinunua ikagundua kwamba hakuna cha kununua, kwa sababu muziki wa New Order ulikuwa mali ya New Order. Kwa lebo lilikuwa janga. Kwa bendi, ile karatasi iliyoonekana ya kipuuzi ndiyo iliyowaokoa.

Siku hizi usambazaji si kizuizi tena. Mtu anaweza kupakia wimbo usiku huu na ukasikika dunia nzima. Kizuizi kimehamia kwingine, kwenye kuonekana. Spotify, tangu 2024, hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni lililoanzishwa 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na kumwachia msanii sehemu kubwa ya kilichobaki. Ukitaka kujua shabiki anapimwaje leo, tazama tofauti hiyo. Mtu mmoja akinunua albamu moja anaweza kuwa amefanya zaidi ya yule anayeicheza bure usiku kucha akilala.

Usiku ambao watu waliuliza "Hawa ni nani?"

Februari 2011 ilitangazwa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Waliokuwa wakigombea ni Eminem, Lady Gaga, Katy Perry, Lady Antebellum na Arcade Fire wa Montreal, ambao albamu yao nchini Marekani ilitolewa na Merge, lebo ya North Carolina iliyoanzishwa 1989 na Mac McCaughan na Laura Ballance, wanamuziki wa bendi ya Superchunk. Ukiniuliza, hilo la mwisho ndilo lenye uzito: lebo ya wanabendi wawili waliotaka tu mahali pa kutolea rekodi zao na za marafiki. Arcade Fire wakaitwa. Ukitazama nyuso zao jukwaani unaona watu ambao hawakujiandaa.

Mtandaoni zikaanza kumiminika hasira za mashabiki wa mastaa wengine: hawa ni nani? Mashabiki wa zamani, waliowapenda tangu albamu ya 2004, walikuwa na furaha ya aina ya pekee, furaha ya kuulizwa swali ambalo wewe umekuwa na jibu lake kwa miaka saba. Sijui kama kuna raha kubwa kuliko hiyo katika ushabiki. Na ndiyo raha ya mwisho, kwa sababu kesho yake kila mtu ana jibu, na wewe umebaki mtu wa kawaida.

Miaka sita baadaye bendi hiyo ilitoa albamu kupitia Columbia, iliyo chini ya Sony. Malalamiko yakafuata ratiba yake.

"Wamebadilika"

Neno hili nimelisema mimi pia, tena kwa uchungu. Bendi yangu ya watu wanne ilipotoa albamu ya kwanza baada ya kusaini, nyimbo zilikuwa zimepoa. Magitaa yalikuwa na nafasi kati yake, viitikio vimepanuka, mwimbaji hapayuki tena. Nikasema: lebo imewafuga.

Huenda ni kweli. Lakini kuna maelezo mengine ambayo hayamhitaji mtu mbaya, nayo ni ukuta. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika ukumbi mdogo uliojaa watu, ukuta uko karibu na miili inameza sauti. Unachokipiga kinafika na kufa. Katika uwanja mkubwa wa ndani, ukuta wa nyuma unaweza kuwa mita 60 kutoka jukwaani. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi: mita 120, kama sekunde 0.35. Wimbo wa kasi wa mapigo 160 kwa dakika una pigo kila baada ya sekunde 0.375. Maana yake mwangwi wa pigo la kwanza unarudi karibu sawa na pigo la pili linapopigwa, na ukiongeza kuta za pembeni na dari, kinachomfikia mtu wa viti vya juu ni uji. Bendi ikizunguka kwenye kumbi za namna hiyo mwaka mzima, inajifunza bila kuambiwa kwamba noti ndefu zinasikika na za haraka zinazama. Inaporudi studio, vidole vimeshazoea.

Arctic Monkeys ni mfano mzuri tena. Albamu ya 2006 inakimbia kama watu wanaofukuzwa. Mwaka 2007 walikuwa tayari wamefunga usiku kwenye jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, mbele ya umati usioisha. Albamu yao ya 2013 inatembea, taratibu, mabega yakiwa nyuma. Wapo wanaosema Marekani iliwaharibu. Umri nao umo, na ladha, na kuchoka kupiga kitu kilekile. Lakini mimi siku hizi, nikisikia bendi imepunguza kasi, kwanza hujiuliza imekuwa ikipiga wapi.

Na si kila anayeanza safari huimaliza. Mpiga besi wao wa mwanzo, Andy Nicholson, hakwenda kwenye ziara ya Amerika Kaskazini mwaka 2006, na Juni mwaka huohuo ikatangazwa kwamba ametoka kwenye bendi. Ilikuwa miezi mitano tangu albamu ile ivunje rekodi. Shabiki huona mstari unaopanda tu. Waliomo ndani ya gari huona pia nani ameshuka.

Halafu kuna hesabu ya ukaribu. Bendi ya mashabiki 50 hupokea jumbe tatu kwa siku na kuzijibu zote, nami niliwahi kujibiwa, mistari miwili, na mpiga dramu. Bendi ya mashabiki 500,000 haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Tunachokiita kiburi, mara nyingi ni saa 24 ambazo hazikuongezeka. Ujumbe wangu wa mwisho kwao haujasomwa hadi leo. Nilikasirika, ila nikihesabu naelewa, na nikielewa bado naumia kidogo. Vyote viwili vimo.

Rafiki yangu wa "ninyi na nani" nilimjibu baadaye, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Nilimwambia sikuandika noti, sikulipa studio, sina hata senti ya masta. Nilinunua albamu moja na fulana mbili, nikawasumbua watu kumi na tano wasikilize wimbo mmoja, na wanne kati yao wakanasa. Hiyo ndiyo hisa yangu. Akasema, basi sema "wametoboa, na mimi nilikuwepo". Nimejaribu kuisema hivyo. Haina ladha.

Wiki iliyopita nimeangalia shoo yao mpya, ile kubwa, iliyorekodiwa kwa kamera nyingi, sauti safi. Wimbo wa mwisho ukaisha, fataki, wakainama, wakaondoka. Kamera ya juu ikabaki inaonyesha mafundi waliovaa nyeusi wakiingia kufungua vyombo. Mpiga besi akarudi peke yake, sijui alisahau nini. Akapiga magoti, akachomoa waya, akaanza kuuzungusha kati ya kiganja na kiwiko. Mizunguko mitatu, minne. Fundi mmoja akamwendea, akamgusa bega, akauchukua ule waya mkononi mwake. Jamaa akasimama pale kidogo, mikono haina kazi, kisha video ikakatwa.